Dirisha la Mikunjo Kumi na Miwili

Kila Krismasi ikikaribia huja mtu hapa Magongo kuniuliza kama mimi ndiye yule bibi wa madirisha ya karatasi. Huwaambia sijui. Hawaondoki. Husimama mlangoni wakinitazama vidole, nami nawatazama viatu vyao vilivyojaa vumbi, mpaka mmoja wetu achoke. Mwaka huu wa tisini na sita amekuja msichana wa chuo, na daftari lake, mpole, ameniamkia vizuri na kuniletea doti ya kanga. Basi nikamkaribisha. Akaniuliza nilijifunza wapi, nikamweleza. Akaniuliza mbona nimeacha, nikamwambia macho. Uongo mtupu. Macho yangu yaiona sindano iliyoanguka mchangani. Nyinyi nitawaambia kweli, kwa sababu hamna daftari.

Mimi ni Mwanarehema, na kwetu tangu enzi za bibi yangu ni watu wa kukata karatasi. Ikiwa harusi, ikiwa Maulidi, huitwa sisi kupamba. Shashi, ile karatasi laini nyembamba, hukunjwa, ikakatwa, na ikifunguliwa ni nyota na maua na matao, yote yamefanana, upande huu na upande ule. Kazi hii ni ya watu wawili. Watu hawalijui hilo, hudhani ni ufundi wa mkono mmoja. Mmoja hushika wembe, akauegemeza kwenye kibao, akatulia. Wembe hauendi popote. Wa pili ndiye anayeileta karatasi iliyokunjwa, akaizungusha kwa vidole vyote kumi, ikajipitisha yenyewe kwenye makali. Mikunjo ikizidi, karatasi huwa nene na kaidi. Ukiibana vibaya kidogo tu matabaka huteleza, na ua la mwisho halifanani na la kwanza. Mimi nilikuwa mshika wembe. Mleta karatasi alikuwa Tima.

Tima alikuwa mke mwenzangu. Mume wetu, marehemu Mbarak, alikuwa mtu wa reli, nami nilikaa naye miaka tisa bila mtoto. Akasema ataoa. Nikamwambia, oa, nani kakushika? Akamleta Tima kutoka Likoni, mwembamba, miaka ishirini na miwili, hodari wa kucheka. Miaka ikapita na Tima naye hakuzaa, mtaa mzima ukajua kumbe kasoro haikuwa kwangu. Loo, nilifurahi! Nilifurahi mpaka siku moja nikamkuta uani anafua huku analia bila sauti, na kile kilio nilikijua, kilikuwa changu. Nikarudi ndani polepole asinione.

Nilimfundisha kuleta karatasi kwa sababu mama yangu alikuwa amekufa na sikuwa na mwingine. Mwezi wa kwanza nilimkata kidole gumba. Nimekwisha kuwaambia kwamba wembe hauendi popote, lakini siku ile ulikwenda. Damu ikaingia kwenye shashi nyeupe ya harusi ya watu. Tima alikifunga kidole kwa pindo la kanga, akachukua karatasi nyingine, akaikunja, akaileta pale pale kwenye makali. Hakumwambia Mbarak. Mimi hakuniuliza hata neno. Toka siku ile wembe wangu ulitulia, tukafanya kazi miaka kumi, lakini radhi sikumwomba.

Mbarak alifariki mwaka wa themanini na moja. Tulikaa eda pamoja, wajane wawili chumba kimoja, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna kutoka. Watu walitushangaa. Mchana nilimsuka, naye akanisuka. Alinihadithia habari za kwao Likoni, akaiga sauti ya kaka yake Idarus akigombana na kuku, nikacheka hadi nikajiziba mdomo kwa aibu, mjane mzima nacheka kwenye eda. Nikisema miezi ile ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote ya maisha yangu mtasema sina adabu kwa marehemu. Semeni. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kutoka eda wakaja wanawake wa mtaa, tukaoga, tukavaa, wakala wakashiba. Mmoja akamtazama Tima akasema, “Huyu bado kijana, mwaka hauishi keshaolewa.” Wakacheka wote. Tima akainamisha uso. Na mimi pale nilipokaa na sahani yangu nikamwona tayari kashaondoka, chumba kitupu, kitanda kimoja. Nikaogopa. Mimi nikiogopa sijui kulia, najua kukasirika tu.

Wageni walipokwenda, Tima akawa anaosha vyombo. Akaniuliza, “Dada, kesho tuanze na karatasi za nani?”

“Tuanze nani na nani?” nikamwambia. “Aliyetuweka pamoja amezikwa. Kila mtu na kwao.”

Aliendelea kuosha. Aliosha mpaka kijiko cha mwisho, akavifunika. Asubuhi alikuwa ameondoka, na kitanda chake amekitandika. Nilisema atarudi Ijumaa. Ijumaa zikapita nyingi. Hakuolewa mwaka ule, wala uliofuata, hilo nililipata kwa watu. Likoni si Uarabuni. Ni kutoka hapa mpaka mjini, kisha ni kuvuka feri. Sikuvuka. Yeye ndiye aliyeondoka, nilikuwa nikijiambia, basi yeye ndiye wa kurudi. Maneno yangu mwenyewe nilikuwa nimeyasahau kabisa, kama yalisemwa na jirani.

Nilikaa hivyo miaka saba. Kazi nikawa nachukua ndogo ndogo, mikunjo minne, mikunjo sita basi, karatasi nikaigandamiza kwa jiwe la kusagia. Chumba cha Tima nikakijaza mabunda ya karatasi. Nilikuwa nanunua samaki mmoja, tena mdogo, na muuza samaki alikwisha zoea, haniulizi. Jioni nilifungua redio si kwa kusikiliza, ila pawe na mtu anaongea. Na nikawa mkali. Watoto wa jirani mpira wao ukiingia uani kwangu waliuacha, wakaenda kutengeneza mwingine.

Basi mwaka wa themanini na nane, mwezi wa Agosti, akaja Gershom. Gershom alikuwa karani wa bandarini, Mrabai, mtu mzima mwenye sauti ya upole, na kule Mikindani alikuwa katekista. Walikuwa wamejenga kikanisa cha matofali na fedha zikawaishia kwenye madirisha. Yalikuwa matundu tu yaliyozibwa kwa nailoni. Alikuwa ameiona kazi yangu kwenye harusi moja. Akakunjua kalenda aliyopewa na baharia, picha za makanisa ya kale ya Ulaya.

“Bibi, hebu tazama,” akasema. “Huu mtindo unaitwa Gothiki. Hivi ni vioo vya rangi. Sisi vioo hatuviwezi. Waweza kututengenezea kwa karatasi, kabla ya Krismasi?”

Nilitaka kumfukuza. Lakini nikatazama. Madirisha yalikuwa marefu, membamba, yamechongoka juu, na mimi nikasema, ala, haya si matao ya mlango wa msikiti wetu? Nani kamwibia mwenzake? Na zile rangi! Nyekundu imekaa ndani ya buluu, buluu ndani ya nyeusi, na jua linakuja kutoka nyuma. Gershom alinywa chai vikombe viwili na mimi bado natazama mwezi wa Machi.

Shemeji yangu Sheikhan aliposikia akanijia juu, mwanamke wa Kiislamu anakwendaje kupamba kanisa. Nikamwambia Bi Maryamu ana sura nzima kwenye Qurani, je, wewe unayo? Akaondoka na bakora yake. Lakini na mimi nina mipaka yangu. Nyuso sikuchora. Kila mtu wa kwenye dirisha nilimwachia uso wa shashi nyeupe tupu. Gershom aliuliza mbona hawana macho. Nikamwambia macho si kazi yangu, hayo anayo Mwenyewe Mungu.

Dirisha la kwanza lilikuwa Bi Maryamu na mwanawe. Nikaikunja karatasi nyeusi katikati kama nilivyofunzwa, nikachora nusu ya mama upande mmoja na mtoto mkononi, nikakata kwa siku mbili. Nikaita watu wa kanisa. Nikaikunjua mbele yao. Wakasogea karibu. Kisha mama mmoja akasema taratibu, “Bibi, mbona wamekuwa wawili?”

Astaghfirullah! Bi Maryamu alikuwa amebeba pacha, mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, wamefanana mpaka vidole vya miguu. Mtu wa kukunja ndiye pekee wa kufanya kosa hilo. Miaka hamsini sijawahi kukata kitu kisicho na mwenzake upande wa pili. Walicheka, na Gershom mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Mimi niliichana karatasi vipande vipande, nikawaambia watoke. Walipokwisha kutoka nikakaa chini nikaokota vipande, nikalia, na sijui nini hasa kilichoniliza, maana karatasi nimeharibu nyingi maishani.

Basi nikajifundisha kukata karatasi iliyo wazi, isiyokunjwa. Uzee huu! Karatasi nikaigandisha ubaoni, na safari hii wembe ndio ukatembea, mkono wangu peke yake. Mwanzoni nilikuwa naona kama nafanya jambo la aibu. Kisha nikazoea. Mbele iliwekwa karatasi ngumu nyeusi iliyobaki mifupa tu, na nyuma yake shashi, tabaka juu ya tabaka. Buluu moja ni asubuhi; buluu tatu ni kiza kinaingia. Nyekundu juu ya buluu ni zambarau, wala huhitaji kununua zambarau. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, nikatia mrututu kidogo, la sivyo mende wangekula watakatifu wote kabla ya Krismasi. Mwisho wa Oktoba nilikuwa nimemaliza madirisha manne marefu, na yalikuwa mazuri. Sina haja ya kujishusha, yalikuwa mazuri sana.

Likabaki la mduara. Lilikuwa juu ya altare, linatazama jua la asubuhi, upana wake kama gurudumu la lori. Kwenye kalenda lilikuwa kama ua lenye petali kumi na mbili, na ndani ya kila petali kuna vijipetali, na vyote vimefanana. Hilo huwezi kulikata wazi. Jicho litakudanganya tu. Hilo lilitaka mikunjo kumi na miwili, matabaka saba, mawili meusi na matano ya rangi, kila tabaka limekunjwa na kukatwa peke yake, kisha yote yakutane sawasawa. Nililijaribu kwa jiwe. Likateleza. Nikajaribu kwa mawe mawili na goti langu. Nikakata goti.

Sasa sikilizeni niliyoyafanya, maana hapa ndipo lilipo lote. Nilikaa pale chini, goti linatoka damu, na nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Miaka saba nilikuwa nimetafuta sababu ya kwenda Likoni, sababu ambayo haitanilazimu kusema neno lile la radhi, na Mungu kanipa dirisha ambalo halikatiki bila Tima. Nilimtaka arudi. Nilimtaka nyumbani mwangu siku zote zilizobaki. Lakini nilitaka arudi kwa njia ambayo mimi sitaonekana kuwa nimeomba.

Nikavuka feri. Nyumba ya Idarus niliiuliza mara mbili tu. Nilimkuta Tima uani kwa kaka yake anapepeta mchele wa watu kumi, nywele zimeingia mvi mbele. Alisimama. Ungo ulibaki mkononi.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Nina kazi,” nikasema. Sikukaa hata. “Ya kanisani, huko Mikindani. Mikunjo kumi na miwili. Hakuna awezaye kuileta.”

Alinitazama sana. Alikuwa anangoja kitu, na nilikijua anachokingoja. Mwishowe akauliza, “Ni kazi tu, dada?”

“Ni kazi. Kazi ya siku nne.”

Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nilisikia wifi yake anafoka kwamba nani sasa atapika. Tima akatoka na sanduku. Si kifurushi, sanduku, lile la bati alilokuja nalo kuolewa, na mkeka wake umefungwa juu.

“Sanduku zima la siku nne?” nikamuuliza.

“Nguo zangu hukawia kukauka,” akasema. Akalibeba mwenyewe njia nzima.

Siku ile ile alianza kufagia. Chumba chake alikitoa mabunda ya karatasi, akayapanga kwangu, akapiga msumari ukutani, akatundika buibui lake. Mimi nilinung'unika. Kila alichosogeza nilimuuliza kwani kilikuwa kinamuuma nini pale kilipokuwa. Akacheka kile kicheko chake, na wale watoto wa jirani wakachungulia ukutani kuona nani anacheka nyumbani kwa yule bibi.

Kisha tukakaa kwenye kibao. Nikashika wembe, nikatulia. Akaikunja ile karatasi nyeusi, mara mbili, mara tatu, akaisawazisha kwa kucha, akaileta. Nilikiona kile kidole gumba chenye kovu kinakuja moja kwa moja kwenye makali, hakitetemeki. Miaka saba, na vidole vyake havikusahau kitu. Karatasi ikaimba. Siku ya kwanza tabaka mbili, ya pili mbili, ya tatu tatu. Nilitia samaki wawili chunguni, na yule muuza samaki safari hii aliuliza, nikamwambia kula na watu si dhambi.

Jioni ya siku ya tatu tulikaa uani. Tima akanisuka. Alikuwa nyuma yangu, simwoni uso, ndipo akauliza, “Dada, hiki chumba changu cha zamani, kazi ikiisha atalala nani?”

Mwenye akili angejua hapo kaombwa. Na mimi nilijua, msidhani sikujua. Lakini nikasema, bado. Nikasema aombe wazi. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyevuka feri. Nilitaka nilisikie kwa kinywa chake, dada, niache nikae, ndipo niseme haya, kaa, kama mtu anayetoa zawadi.

“Hakuna,” nikamwambia. “Ni cha karatasi.”

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Kisha ikaendelea kusuka.

Jumamosi tukalipachika. Jumapili Gershom akaja kutuchukua, twende tukalione likiwa na jua. Tulikaa benchi la nyuma, mabuibui yetu mawili kati ya vilemba vya wale mama. Saa mbili kasoro jua likapanda juu ya minazi, likaingia kwenye lile ua. Mama yangu! Sakafu yote ilibadilika. Nyekundu ikaangukia kwenye mabega ya watu, buluu ikaangukia altare, na katikati ile shashi ya manjano tabaka tatu ikawaka kama taa. Kwaya ilisimama bila kuambiwa. Tima alinyoosha mkono kwenye mwanga akautazama ukiwa mwekundu, akaugeuza, ukawa wa buluu. Akanigusa kwa kiwiko. Nililia ndani ya ukaya niliojifunika usoni na nikasema ni vumbi. Nilifurahi mpaka nikaogopa, na nimekwisha kuwaambia mimi nikiogopa huwaje.

Baada ya ibada wakatuzunguka. Mama mmoja wa kwaya, anaitwa Dorcas, akatushika mikono wote wawili. “Nyinyi ni ndugu?” akauliza. “Mwakaa pamoja?”

Tima alinitazama. Aliniachia nijibu.

“Hapana,” nikasema. “Nilimwita kwa kazi tu.”

Na Gershom, Mungu ambariki, alikuja mbio na habari njema. Padri amependa mno. Yako madirisha manane ya pembeni, anayataka kabla ya Pasaka. “Mtaweza, bibi? Nyinyi wawili?” Kazi ya miezi minne! Mlango uliokuwa umefungwa miaka saba, yeye kauacha wazi kabisa, hata kusukuma sikuhitaji. Ningesema ndiyo tu. Neno dogo hivyo.

Lakini nilikuwa bado naona aibu ya lile jibu nililompa Dorcas, na aibu kwangu hutoka kama kiburi. “Ya pembeni ni marefu,” nikamwambia. “Hayo hayakunjwi. Nayakata mwenyewe.”

“Ndiyo,” Tima akasema. “Kwa hayo hutanihitaji.” Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kufunga mzigo.

Asubuhi ya Jumatatu niliporudi kutoka kuchota maji nikalikuta lile sanduku mlangoni, mkeka umefungwa juu. Chai ilikuwa imechemshwa. Msumari ulikuwa mtupu. Tima amevaa buibui, amekaa kwenye kizingiti, anatazama barabara.

Nilisimama na ndoo mkononi. Niliyapanga maneno. Niliyapanga vizuri kabisa: Tima, usiende. Tima, niwie radhi ya kidole. Radhi ya siku ile ya eda. Nyumba hii inaniua kwa ukimya. Yote yalikuwapo, yamejipanga, yalitaka kusukumwa kidogo tu. Nikafungua mdomo.

“Nauli unayo?” nikamuuliza.

Aligeuka akanitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. “Sina, dada,” akasema. “Nilikuja na ya kuja tu.”

Mara ile ningeweza kuiangusha ndoo. Mtu kakwambia wazi, kama ulivyotaka, kwa kinywa chake mwenyewe. Nimeifikiria asubuhi ile kwa miaka minane, wembe sijaushika tena, na kila nikiifikiria naiangusha ile ndoo, nalishika lile sanduku la bati, nalirudisha chumbani. Lakini siku yenyewe niliiweka ndoo chini taratibu, maji yasimwagike. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa pesa ya gari na feri, nikampa.

Akaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa, akaniambia ahsante, dada.